Daftari Safi, Kisigino Kilichovilia: Uchambuzi wa Kisa cha Huduma ya Nyumbani Nairobi

## Usuli

Kisa hiki kilitokea katika fleti ya ghorofa ya nne, isiyo na lifti, upande wa Eastlands jijini Nairobi. Majina yameondolewa, na mambo ambayo yangeweza kuitambulisha familia, kama vile mtaa, umri kamili na kazi za watoto, yamebadilishwa au kuachwa. Mfuatano wa matukio na sababu za maamuzi vimebaki kama vilivyokuwa.

Mama anayehusika ana zaidi ya miaka sabini na ameishi na kisukari kwa muda mrefu. Kiharusi kilimpooza upande wa kulia, kikamwachia taabu ya kusema na ya kumeza. Aliporuhusiwa kutoka hospitalini alikuwa akimtegemea mtu mwingine kwa karibu kila jambo la mwili: kuoga, kula, kugeuka kitandani, kwenda haja. Kwa kipimo cha Barthel, ambacho hutazama shughuli kumi za kila siku na kutoa alama kati ya 0 na 100, alikuwa na alama 10. Alama hiyo ilipatikana baadaye, wakati wa tathmini. Kabla ya mhudumu kuajiriwa hakuna aliyempima, na ni vigumu kuamini kwamba mkataba ungeandikwa ulivyoandikwa kama ingejulikana mapema.

Watoto wake watatu waligawana majukumu. Binti mkubwa, ambaye mama anaishi kwake, alisimamia nyumba huku akiendelea na kazi yake ya mchana. Wa pili alishughulikia kliniki na dawa. Kitinda mimba, aliye ughaibuni, alituma sehemu kubwa ya fedha. Haikuwa familia ya watu wazembe. Walipompata mhudumu kupitia kampuni ya wakala, walidai kitambulisho, cheti cha kozi ya uhudumu, cheti cha tabia njema kutoka polisi na namba za simu za waajiri wawili wa awali, wakawapigia wote wawili. Kila karatasi ilikuwa halali na kila aliyeulizwa alimsifu.

Mkataba na wakala uliitwa wa "huduma ya saa 24". Maana yake ilikuwa kwamba mhudumu mmoja angelala chumba kimoja na mama, na kupumzika Jumapili moja kila baada ya wiki mbili. Orodha ya kazi ilitaja kuogesha, kulisha, kugeuza, kubadilisha nepi, kunyoosha viungo na kupima sukari, ikamalizia kwa maneno "na dawa zote". Insulini, ambayo mama alidungwa asubuhi na jioni, iliingia kupitia maneno hayo matatu.

## Mfuatano wa matukio

Kila asubuhi mhudumu alituma picha katika kundi la WhatsApp la familia: mama ameketi kitini, kitambaa kimefungwa vizuri kichwani, na chini yake maneno "Shosho ameamka salama." Daftari la vipimo lilijazwa bila pengo, asubuhi na jioni, na namba za sukari zilikuwa nzuri mno. Kitinda mimba alikuwa amefunga kamera chumbani ili aweze kumwona mama kutoka mbali.

Katika wiki ya tatu mhudumu alimweleza binti mkubwa kwamba ngozi ya mama karibu na mfupa wa juu ya makalio ilikuwa "imekaza kidogo". Binti alimpa spiriti na kumwelekeza aichue sehemu hiyo, kama alivyokumbuka wauguzi wa zamani wakifanya wodini, kisha akanunua mpira wa duara wa kukalia. Alifanya hivyo kwa nia njema, na vyote viwili vinaleta madhara: kuchua ngozi iliyoanza kuumia huichana zaidi kwa ndani, na mpira wa duara hukusanya mgandamizo kwenye ukingo wake na kubana damu isifike katikati. Hakuna aliyempeleka mama kwa muuguzi. Sababu iliyotolewa baadaye ilikuwa kwamba ngozi haikuwa nyekundu.

Jumapili moja, binti mkubwa akiwa mazishini nje ya jiji, mhudumu alidunga insulini asubuhi na kuandaa uji. Mama alikunywa vijiko viwili akafunga mdomo. Kufikia saa nne alikuwa akitokwa jasho na kusinzia kiasi cha kutoitika. Mhudumu alianza kumtilia maji ya sukari kinywani, hadi jirani aliyeitwa na mlinzi wa ploti alipomzuia. Jirani huyo huenda aliepusha msiba mkubwa zaidi, kwa sababu mtu aliyesinzia, tena mwenye taabu ya kumeza, akitiliwa kitu cha majimaji kinaweza kuishia mapafuni. Mtu wa namna hiyo hulazwa kwa ubavu na kukimbizwa hospitalini bila kupewa chochote mdomoni. Mama aliteremshwa ngazi kwa shuka, watu wanne wakimshika. Hospitalini sukari ilikuwa 2.1 mmol/L, wakati chini ya 4 tayari ni ya hatari, na akapewa glukosi kwa mshipa.

Muuguzi aliyembadilisha nguo ndiye aliyeona kidonda kilichochubuka juu ya makalio na, kwenye kisigino cha kulia, eneo la rangi ya zambarau iliyoiva ambalo ngozi yake ilikuwa bado nzima. Familia iliomba tathmini ya huduma nzima kabla ya mama kurudi nyumbani, nami nikaifanya nikiwa muuguzi wa jamii asiye na uhusiano na wakala.

## Tathmini ilivyofanywa

Swali la familia lilikuwa moja: je, huyu mhudumu ni mbaya? Niliomba libadilishwe liwe: je, huduma hii, kama ilivyopangwa, inaweza kutolewa kwa usalama na mtu yeyote? Nililipendekeza badiliko hilo kwa sababu jibu la swali la kwanza lingeishia kwa mtu kufukuzwa na mwingine kuletwa afanye kazi ileile kwa ratiba ileile.

Nilianza na vifaa. Kipima sukari huhifadhi vipimo pamoja na tarehe na saa, mradi saa yake iwe imerekebishwa. Daftari lilikuwa na vipimo 56 kwa wiki nne; familia ilikuwa imenunua kopo moja la vibanzi 50 vya kupimia sukari, na vibanzi 21 vilikuwa bado ndani. Kwa hiyo vipimo visivyozidi 29 ndivyo vilivyofanywa kweli. Kumbukumbu ya kifaa ilikubaliana na hesabu hiyo: asubuhi nyingi zilikuwa na kipimo, jioni karibu zote hazikuwa nacho. Hesabu ya glavu nayo ilikuwa na kasoro, kwa kuwa zilizotumika zilikuwa chache kuliko nepi zilizobadilishwa.

Mhudumu hakubisha. Alieleza kwamba siku za mwanzo, alipoona vibanzi vinavyopungua, aliomba vingine, akaambiwa anavimaliza haraka mno na kwamba bei yake si mchezo. Ujumbe huo ulikuwa bado kwenye simu yake. Tangu siku hiyo alipima asubuhi tu, na jioni akaandika namba iliyofanana na ya jana yake.

Kisha nilimwomba afanye kazi zake kama kawaida, nami nikae pembeni nitazame. Kuogesha alikujua vyema: alipima joto la maji kwa kiwiko, akaanza na uso, akamalizia sehemu za siri kwa kitambaa tofauti, akakausha mikunjo ya ngozi. Kulisha kulikuwa na dosari, kwa maana mama alilishwa akiwa ameegemea mito akiwa nusu amelala, na baada ya chai sauti yake ilisikika kama ya mtu mwenye maji kooni, dalili kwamba kinywaji hakipiti njia yake sawasawa. Insulini ilikuwa ile ya mchanganyiko, ambayo huwa na ukungu na lazima chupa ibingirishwe taratibu viganjani kabla ya kuvuta. Yeye aliivuta bila kuibingirisha, kwa hiyo dozi ya leo na ya kesho hazikuwa sawa hata namba kwenye sindano ilipokuwa ileile. Hakuwahi kufundishwa. Kozi yake haikuigusa, na hakuna mtu katika familia au kwa wakala aliyemwomba aonyeshe anavyoifanya.

Ngozi niliichunguza kutoka kisogoni hadi visiginoni. Kwenye ngozi nyeusi mgandamizo huenda usionyeshe wekundu. Huonekana kama weusi uliozidi au zambarau, na mara nyingi mkono huutambua kabla ya jicho: pale pana joto au baridi kuliko pembeni, pamekaza au pamekuwa tepetepe, au mgonjwa anakunja uso pakiguswa. Alichokisema mhudumu katika wiki ya tatu, kwamba ngozi "imekaza", kilikuwa dalili sahihi iliyotolewa kwa wakati.

Mwisho nilizungumza na mama mwenyewe. Familia ilidhani haiwezekani. Alikuwa akielewa vizuri, hasa kwa lugha ya nyumbani kwao, na aliweza kujibu ndiyo au la kwa kukaza mkono wa kushoto. Mpwa wake wa kike alikalimani. Alisema ndiyo kwamba mhudumu ni mpole. Alisema la, akarudia la, tulipouliza kama anaridhika na kamera. Kitanda alichoogeshewa kilikuwa mbele ya kamera hiyo, na aliyekuwa akitazama ni mwanawe wa kiume.

Hesabu ya usiku ndiyo iliyokamilisha picha. Mhudumu aliagizwa kumgeuza mama kila baada ya saa mbili. Hiyo ni saa nne usiku, saa sita, saa nane, saa kumi na saa kumi na mbili alfajiri, kila usiku, na mchana kazi yote inamngoja. Nilipomuuliza ni lini mara ya mwisho alilala usingizi mzima, alitaja Jumapili yake ya mapumziko.

## Maamuzi na sababu zake

Mhudumu alibaki. Uamuzi huu ulibishaniwa sana, na kitinda mimba aliona kwamba mtu aliyeandika namba za uongo hastahili kuaminiwa tena. Hoja yake ina uzito, maana daktari angeweza kubadilisha dozi kwa kutegemea daftari lile. Kilichoamua ni mambo mawili: ustadi wake mwingine ulionekana kwa macho, na chanzo cha uongo kilikuwa kinaweza kuondolewa. Vibanzi vilitengewa fedha zake, na kumbukumbu ya kifaa ikawa inalinganishwa na daftari kila Jumamosi, mhudumu akiwepo.

Insulini iliondolewa katika "dawa zote". Daktari alipitia upya matibabu na kumhamishia mama kwenye aina ya dozi moja kwa siku, isiyofungamana sana na mlo, akalegeza pia kiwango cha sukari kinachotafutwa, kwa kuwa kwa mzee dhaifu sukari kushuka ni hatari ya karibu kuliko kupanda kidogo. Muuguzi, ambaye leseni yake ilithibitishwa kwa Baraza la Wauguzi la Kenya, alimfundisha mhudumu na binti, na hakuna aliyeruhusiwa kudunga mpaka alipofanya mbele yake bila kusaidiwa. Mhudumu aliyesoma kozi fupi hana leseni ya namna hiyo, kwa hiyo kuonyesha kwa vitendo ndiyo njia pekee ya kujua anachokiweza.

Usiku uligawanywa. Mhudumu wa pili aliajiriwa kwa usiku wa siku nne, na binti akachukua tatu. Godoro la hewa lilipendekezwa na wakala, tukalikataa: kwenye ploti hiyo stima hupotea mara kwa mara, na godoro la aina hiyo likikosa umeme hupungukiwa hewa na kumwacha mgonjwa juu ya chuma cha kitanda. Lilinunuliwa la sponji nzito. Kwa kuwa lilipunguza mgandamizo, mapumziko kati ya kugeuza na kugeuza yaliongezwa usiku hadi saa tatu, mama akilazwa ubavu kwa mwinamo mdogo wa kama digrii 30 badala ya kulalia nyonga, na mto ukiwekwa chini ya mashavu ya miguu ili visigino visiguse kitu. Agizo la saa mbili ni desturi iliyorithiwa zaidi ya kuwa sheria. Mwongozo wa mwaka 2014 wa NICE, taasisi ya Uingereza inayotoa miongozo ya matibabu, unataka mtu mzima aliye katika hatari kubwa abadilishwe mkao angalau kila saa nne, mara nyingi zaidi ngozi ikidai.

Siku ya mapumziko ikawa moja kila wiki. Hilo halikuwa hisani, kwa sababu Sheria ya Ajira ya 2007 inampa mfanyakazi angalau siku moja katika kila siku saba. Kamera ilihamishiwa sebuleni. Ibara za 28 na 31 za Katiba zinalinda utu na faragha ya kila mtu, na Ibara ya 57 inataja haki ya wazee ya kuishi kwa heshima. Lakini kusema kweli kilichomshawishi kitinda mimba hakikuwa Katiba. Ni dada yake aliyempigia simu na kumwambia, "Kaka, Mama amekataa. Tumemuuliza mara mbili."

## Matokeo

Kidonda cha juu ya makalio kilifunga katika muda wa majuma kadhaa. Sukari haikushuka tena kwa kiwango cha hatari. Sauti ya majimaji baada ya chai ilipungua mama alipoanza kulishwa akiwa ameketi wima na kuachwa hivyo nusu saa baada ya mlo, huku kinywaji kikizidishwa uzito kidogo kwa ushauri wa mtaalamu wa kumeza.

Kisigino kiliharibika. Wiki ya pili baada ya mabadiliko, eneo lile la zambarau lilifanya lengelenge, likapasuka, na chini yake kukawa na tishu nyeusi. Kilichukua muda mrefu zaidi kupona, na katikati ya muda huo mhudumu wa usiku, ambaye alikuwa amefika juzijuzi, alilaumiwa na karibu afukuzwe. Hata hivyo aliondoka mwenyewe baada ya miezi michache, alipopata kazi Ghuba, na wa tatu akaanza mafunzo upya.

Gharama zilipanda. Wakala alikubali siku ya mapumziko ya kila wiki lakini akakataa kubadilisha mkataba wake wa kawaida, akidai wateja wengine hawalalamiki.

## Uchambuzi

Karatasi za mwanzo zilifanya kazi yake. Zilithibitisha kwamba mhudumu ni yule anayesema ni yeye na kwamba hana rekodi ya uhalifu. Kosa lilikuwa kuzidai zithibitishe jambo la pili, yaani kwamba anaweza kumhudumia huyu mama, mwenye insulini, taabu ya kumeza na upande mmoja uliopooza. Hilo lingejulikana kwa kumpima mama kwanza, kisha kumtazama mhudumu akifanya kazi kwa asubuhi moja.

Picha za WhatsApp na kamera zilileta utulivu wa moyo bila kuleta habari. Picha ilionyesha uso, na kidonda kilikuwa upande ambao mtu ameukalia. Kamera iliona usiku wote lakini hakuna aliyeketi kuutazama, na hata angeutazama asingehisi joto la ngozi. Ningependa familia zinazoomba picha ya kila siku ziombe pia, mara moja kwa wiki, kuona visigino na mgongo kwa macho yao, kwa ridhaa ya mwenyewe.

Kisigino kinastahili kuangaliwa kwa makini, kwa sababu ndipo wengi wanaotathmini huduma hupotea. Umbo hili la jeraha huanza ndani, karibu na mfupa, na kwa kawaida rangi yake hujitokeza juu siku mbili au tatu baada ya mgandamizo wenyewe. Kisha huweza kuendelea kufunguka hata mgandamizo ukiwa umeondolewa kabisa. Mwanzoni, kwa hiyo, ngozi ilionekana nzima wakati huduma ilikuwa mbovu, na baadaye ikaonekana mbovu wakati huduma imekuwa nzuri. Familia iliyohukumu kwa matokeo peke yake ilimsifu mhudumu kwa wiki tatu ambazo madhara yalikuwa yakijengeka, ikataka kumfukuza mwingine kwa jeraha alilolikuta. Kilichomwokoa ni kwamba mpaka wa eneo la zambarau ulikuwa umechorwa kwa kalamu na kupigwa picha siku mama aliporudi kutoka hospitalini, kabla yeye hajaanza kazi. Uchunguzi wa ngozi wa siku ya kwanza, wenye tarehe na saini za pande mbili, unamlinda mhudumu kama unavyomlinda mgonjwa, na wahudumu wenyewe wangefaa kuudai.

Kuhusu daftari, naona funzo lake ni gumu kuliko linavyoonekana. Kulinganisha maandishi na vibanzi kulifichua udanganyifu haraka, na ni njia isiyogharimu kitu. Lakini njia hiyohiyo ikitumika kama mtego itamfundisha mhudumu kutupa vibanzi visivyotumika. Ilifaa hapa kwa sababu ilifanywa mbele yake na kwa sababu namba mbaya, au nafasi iliyoachwa wazi, haikuleta karipio tena. Katika wiki za karibuni daftari lina mapengo mawili yaliyoandikiwa sababu, na ni daftari la kuaminika kuliko lile la kwanza.

Lililobaki bila kutatuliwa ni mgongo wa mhudumu wa mchana. Kumvuta mama juu ya kitanda peke yake kumempa maumivu ya kiuno. Leso (kanga) iliyokunjwa na kulazwa chini ya mapaja na mabega imepunguza msuguano kwa wote wawili, ila bado inataka watu wawili, mmoja kila upande. Kuogesha kumehamishiwa saa kumi na mbili asubuhi, wakati wa kupokezana zamu, ili yule wa usiku asaidie kabla ya kuondoka, naye hulipwa kwa nusu saa hiyo. Asubuhi tatu ambazo zamu ya usiku ni ya binti, yeye husaidia akichelewa kazini, au mama hufutwa tu kitandani hadi kesho yake. Familia inajadili kama fedha za usiku wa tano zitapatikana, na mpaka sasa ndugu hawajakubaliana nani azitoe.